Bomba la hewa baridi halitakurudishia nguvu uliyoiacha Dar

Swali: Shikamoo fundi. Nimehamia Dodoma kikazi mwaka jana nikitokea Dar, naishi Kisasa. Nina Mark X ya 2.5. Kule Dar ilikuwa inachanganya vizuri, huku naiona nzito, hasa nikitaka kulipita lori barabara ya Singida. Duka moja la vifaa limenishauri nifunge bomba la hewa baridi, lile la kuipelekea injini hewa ya nje, na filta ya koni, laki nne na nusu pamoja na ufundi. Wanasema nitaongeza nguvu za farasi 30 na mafuta yatapungua. Rafiki yangu kafunga kwenye Forester yake ya turbo na kweli inanguruma. Je, nifunge?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na karibu Dodoma. Usifunge. Hiyo laki nne na nusu iweke, kuna mahali pengine gari lako linaihitaji zaidi, na nitakuonyesha. Ila nataka uelewe sababu, maana kesho utakutana na muuzaji mwingine mwenye maneno matamu kuliko huyu.

Kwanza, hujakosea. Gari lako ni zito huku kuliko lilivyokuwa Dar, na huenda halina ugonjwa wowote. Uliondoka usawa wa bahari ukaja kuishi juu yake kiasi cha mita 1,120. Barabara inapanda pole pole, Morogoro, Gairo, Kibaigwa, ndiyo maana hukumbuki mahali ulipopanda. Injini inakumbuka. Kanieneo ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya pwani kwa asilimia 12 hivi, na hewa ikiwa nyepesi kiasi hicho, kila pistoni inaposhuka kuvuta pumzi inapata hewa pungufu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Joto na unyevunyevu wa Dar vinaipunguza tofauti kidogo, lakini haviifuti. Injini yako, ile ya 4GR, kiwandani ilitajwa kuwa na nguvu 215. Ondoa asilimia 12, unakuta kama farasi 25 wamebaki Dar. Ukifika Singida, kwenye mita kama 1,500, pengo ni asilimia 16 hivi. Kwa hiyo lori lile ulilolifuata ukashindwa kulipita, sehemu ya ubishi ilikuwa ni hewa yenyewe.

Angalia sasa hesabu ya duka: wanakuahidi farasi 30, karibu sawa na wale uliowapoteza. Ahadi hiyo inakugusa kwa sababu unaujua upungufu. Lakini bomba halina uwezo wa kuishusha Dodoma hadi baharini. Linachoweza kufanya ni mambo mawili tu: kuipa injini hewa yenye ubaridi kidogo zaidi, na kuipunguzia kazi ya kuvuta. Tuyapime yote mawili.

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto, hilo ni kweli kabisa. Kwenye joto letu la kawaida, kila nyuzi 3 za Selsiasi unazopunguza, uzito wa hewa unaongezeka kwa asilimia 1 hivi. Injini haiangalii ujazo, inaangalia uzito: gramu moja ya petroli inataka gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Kwa hiyo ukiingiza hewa nzito zaidi unaweza kuchoma petroli zaidi, na nguvu inapanda. Hadi hapo muuzaji amesema kweli.

Alichokuficha, au asichokijua, ni kwamba gari lako tayari linavuta hewa baridi. Fungua boneti, fuata bomba la plastiki linalotoka kwenye boksi la filta kuelekea mbele. Kwenye magari mengi ya Toyota ya aina yako mdomo wa bomba hilo uko mbele kabisa, nyuma ya shoo au jirani na taa, unapokea upepo wa nje kabla haujapita kwenye rejeta. Mhandisi aliyelichora alikuwa anajua hesabu ile ile ya nyuzi 3. Ukiwa barabarani mwendo wa kilomita 80, mwambie fundi mwenye mashine ya kupima aifunge na mkasome pamoja joto la hewa inayoingia. Mara nyingi mtakuta limezidi joto la nje kwa nyuzi chache tu. Tuseme nje ni 30 na ndani ni 36. Hata ungefunga bomba la ajabu kiasi gani, huwezi kushuka chini ya 30. Faida yote iliyobaki mezani ni nyuzi 6, yaani asilimia 2 ya uzito wa hewa. Asilimia 2 ya nguvu ulizonazo hapa Dodoma ni chini ya farasi 4. Huo ndio mwisho wa uwezo wa hewa baridi kwenye gari lako.

Jambo la pili, wepesi wa kuvuta. Filta ya koni na bomba pana hupitisha hewa kirahisi zaidi, sawa, lakini hilo linaonekana pale tu unapokanyaga mafuta hadi chini na injini ikawa juu ya mizunguko 5,000. Siku nzima unapotoka Kisasa kwenda Mtumba na kurudi, hewa inabanwa na mlango wa throto, ule unaofunguka kwa mguu wako. Mlango huo uko nusu umefungwa muda wote, na umefungwa makusudi, ndivyo unavyoendesha taratibu. Kulegeza filta iliyo mbele ya mlango uliofungwa nusu hakubadilishi kitu. Ukipanua, wewe mwenyewe unakanyaga kidogo zaidi au kidogo pungufu bila kujua, na hewa inayoingia ni ile ile.

Ndiyo maana pia lile la mafuta kupungua silikubali. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge huko Marekani ilipima magari ya kisasa yenye sindano za petroli, yakiwa na filta safi na yakiwa na filta zilizozibwa makusudi. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichobadilika ni kasi ya kuchanganya: lenye filta iliyoziba lilichanganya kwa uvivu. Kwenye magari ya zamani ya kabureta hadithi ilikuwa nyingine, na nadhani ndiko imani hii ilikotoka, lakini Mark X yako inapima hewa kwa sensa na kupanga petroli yenyewe. Kama filta iliyozibwa makusudi haikuongeza ulaji, filta iliyofunguka zaidi itaupunguza kwa njia gani?

Na hapo nimezungumzia bomba lililotengenezwa vizuri. Yale ninayoyaona yakifungwa hapa mjini mengi ni bomba la alumini linalong'aa, koni mwishoni, basi. Hakuna boksi, hakuna kinga ya joto. Boksi la kiwandani linatupwa, koni inaachwa wazi ndani ya boneti ikivuta upepo uliokwisha kupashwa na rejeta na eksozi. Kwenye foleni au taa za barabarani hewa ya humo inaweza kupita nyuzi 55. Ukilinganisha na 36 za boksi la kiwandani, umepoteza asilimia 6 ya uzito wa hewa. Nguvu haishuki kwa kiasi chote hicho, lakini inashuka, na wewe umelipia. Hilo ni bomba la hewa ya moto, jina lake lolote liwalo.

"Lakini fundi, waliofunga wote wanasema gari limekuwa jepesi." Najua, na hawadanganyi, ndivyo wanavyohisi. Bomba la kiwandani lina vyumba vya pembeni vya kumeza sauti ya hewa inayovutwa. Ukivitoa, kila ukikanyaga mafuta injini inanguruma, na sikio linauambia mwili kuwa gari limeruka. Dawa ya sikio ni saa. Mpe mwenzako simu akae kiti cha pembeni ahesabu sekunde za kutoka kilomita 40 hadi 80 kwenye barabara iliyonyooka isiyo na watu, gia ile ile. Fanya kwenda na kurudi, kwa sababu upepo wa Dodoma peke yake unaweza kukupa au kukunyima sekunde. Rudia mara tatu kila upande, ndipo ufunge, ndipo urudie. Waliofanya hivyo na injini isiyo na turbo hurudi na tofauti ndogo mno, au hawaioni kabisa.

Sasa nije kwenye kinachonifanya niseme "usifunge" badala ya "hiari yako". Ni vumbi.

Lita moja ya petroli kwa hewa ya hapa inameza zaidi ya lita 10,000 za hewa. Safari ya kwenda Dar ni kama kilomita 450. Gari likila lita 45, limevuta karibu nusu milioni ya lita za hewa kupitia filta moja ya karatasi. Na hewa yetu unaijua, hasa kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, upepo unapochukua ardhi ya Bahi na Chamwino ukaisimamisha angani. Hayo mawe makubwa unayoyaona katikati ya mji na milimani ni itale. Itale ikichakaa inaacha mchanga wa kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kuta za silinda za injini yako. Punje inayopenya kwenye filta inakwenda kukaa kati ya ringi na ukuta wa silinda, mahali ambapo kinga pekee ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Inasaga. Haitoi kelele, haiwashi taa, inasaga tu kila siku.

Filta nzuri ya karatasi inakamata asilimia 99 ya vumbi, na nyingine zaidi ya hapo. Filta nyingi za koni za bei nafuu zina matundu makubwa, ndiyo siri ya kupitisha hewa kirahisi. Tuseme inakamata asilimia 96. Kwa masikio 99 na 96 zinakaribiana. Lakini injini haili kile kilichokamatwa, inakula kilichopita. Vumbi la gramu 200 likifika kwenye filta, ya kwanza imepitisha gramu 2, ya pili gramu 8. Mara nne. Umri wa ringi zako unakwenda na namba hiyo.

Miaka kadhaa nyuma nilifunga koni ya namna hii kwenye gari la mteja aliyekuwa anafanya kazi upande wa Kondoa na Kiteto, barabara za vumbi mwanzo mwisho. Aliitaka mwenyewe, nami sikumkatalia. Alirudi baada ya misimu miwili gari likinywa oili na moshi wa bluu ukitoka asubuhi. Nilipofungua bomba nyuma ya filta nilipitisha kidole, kikatoka chekundu. Vumbi lilikuwa limegandia hadi kwenye mlango wa throto. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo koni ya wazi siifungi kwenye gari la mtu anayeishi mkoa huu. Kuna mafundi wenzangu wananiona mkali. Sawa.

Kuna na habari ya sensa ya MAF, ile inayopima hewa. Ndani yake kuna waya mwembamba sana unaopashwa moto, na kompyuta inasoma uzito wa hewa kwa jinsi waya huo unavyopozwa. Sensa hiyo ilipimwa ikiwa ndani ya bomba la upana maalumu. Ukiihamishia kwenye bomba pana zaidi, inasoma uongo: hewa nyingi inapita, yenyewe inaona kidogo, petroli inaletwa pungufu, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Filta za pamba zinazopakwa oili zinaongeza shida nyingine. Anayezipaka akizidisha, oili inarushwa hadi kwenye waya, vumbi linanasa hapo, na gari linaanza kusinzia kuliko lilivyokuwa kabla.

Turudi kwenye uzito wa gari lako. Kimo cha Dodoma hatuwezi kukibadilisha, lakini huenda kimo hakiko peke yake. Fanya haya.

Toa filta ya hewa uiangalie kwenye mwanga. Kama imeziba, nunua nyingine halisi, na uangalie ukingo wake wa mpira unakaa sawasawa kwenye boksi pande zote. Filta feki inaweza kuwa na karatasi nzuri lakini ukingo unaacha mwanya, na mwanya wa milimita moja unafuta kazi yote ya karatasi. Kisha legeza klipu ya bomba linalofuata baada ya filta, ufute ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja: bomba limepasuka kwenye mikunjo, au klipu haibani, au boksi halijafungwa vizuri. Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, halihitaji mashine. Na tafadhali, usikubali kijana wa kuosha magari aipulize filta yako kwa kompresa. Upepo mkali unatoboa karatasi matundu usiyoyaona, filta inarudi ikionekana safi na ikiwa imekufa. Kama ni lazima uisafishe safarini, igonge taratibu kwenye tairi, basi. Huku kwetu usisubiri kilomita za kitabuni. Kama unapita njia za vumbi mara kwa mara, ikague kila mwezi kiangazi.

Halafu lipo la injini yenyewe. Hiyo 4GR inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye injini za kawaida petroli inapita juu ya valvu za kuingiza hewa na kuziosha. Kwako haipiti hapo. Mvuke wa oili unaganda kwenye migongo ya valvu, miaka inavyokwenda unakuwa masizi mazito yanayoziba njia ya hewa. Gari la miaka hii likiwa halijawahi kusafishwa hapo, mara nyingi ndiko kwenye kizuizi halisi cha hewa. Kizuizi hicho kiko ndani, bomba la nje halikifikii. Mwambie fundi anayezijua injini hizi atoe menifodi ya hewa, ile inayogawa hewa kwenye silinda, muangalie kwa macho. Zikiwa nyeusi na zimevimba, zisafishwe, pamoja na mlango wa throto na waya wa MAF kwa dawa yake maalumu, bila kuugusa kwa kitambaa. Mkimaliza angalieni plagi. Sehemu kubwa ya ile laki nne na nusu iende huko, na utaisikia tofauti kwa mguu.

Habari njema ndogo: hewa nyepesi inalipunguzia gari upinzani wa upepo, na kwa kuwa unalazimika kufungua throto zaidi kupata nguvu ile ile, injini inahangaika pungufu kidogo kuvuta pumzi. Ukienda Manyoni kwa mwendo wa utulivu unaweza kukuta ulaji wa mafuta ni nafuu kuliko wa njia za pwani. Kwenye kulipita lori ndipo unapodaiwa. Shusha gia mapema, acha injini ipande mizunguko kabla hujatoka kwenye mstari, na ujipe nafasi ndefu kuliko uliyozoea. Ile ya Dar isahau.

Kuhusu Forester ya rafiki yako, msijilinganishe. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu, kwa hiyo inafidia sehemu ya upungufu wa kimo ambao wewe huwezi kuufidia. Lakini hewa ikishabanwa na turbo inatoka ya moto sana, inaweza kupita nyuzi 100, na kinachoipoza ni intakula iliyo juu ya injini chini ya lile tundu la boneti. Nyuzi chache za kabla ya turbo ni kitu kidogo mbele ya hapo. Kama anataka nguvu ya kweli, aisafishe intakula na kukagua mabomba yake yote kama yanavuja. Kama ameipenda sauti, ni gari lake.

Gari lenye bomba la hewa baridi ninaloliheshimu ni Land Cruiser za kazi, zile zenye bomba linalopanda pembeni ya kioo hadi juu ya paa. Pale juu hewa haijapashwa na injini, vumbi ni kidogo kuliko la usawa wa tairi, na maji hayafiki. Wala halikuwekwa kwa ajili ya farasi.

Na hilo la maji mwambie rafiki yako leo. Kuna mabomba yanayoshusha koni chini kabisa, nyuma ya bampa, ili ipate ubaridi. Mvua za hapa zikianza Desemba, makorongo yaliyokuwa makavu miezi yote yanajaa ndani ya saa moja, na barabara za mitaani zinageuka mito. Koni ikizama, injini inavuta maji, pistoni inapanda na kukuta maji yasiyobanika, na konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda. Achukue futi apime koni yake iko sentimita ngapi kutoka ardhini. Ikiwa iko chini ya kitovu cha tairi, aipandishe kabla ya mvua.